Mbacha Tuushike, Msala Tuujaribu

Nakuandikia kutoka hapa Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, ambako jua halijui likizo. Wewe uliyenunua jarida letu la mwaka jana bila shaka ulishangaa. Jaladani tuliandika kwamba ndani mna masimulizi ya bibi mmoja wa hapa kijijini kuhusu ukame wa zamani. Ukafungua ukurasa baada ya ukurasa, lakini wapi! Masimulizi hayakuwamo. Majalada yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa Lodwar kabla hatujaigundua hasara iliyotupata.

Leo nataka kueleza yaliyotokea, maana mimi ndiye niliyeyasababisha. Aidha, nataka kutoa maoni yangu kuhusu amri iliyotolewa baadaye, kwamba katika chumba chetu cha tarakilishi isiwekwe programu yoyote ya majaribio, hata moja. Amri hiyo naiheshimu, lakini naona imepita kiasi, na nitaomba ilegezwe. Najua mtasema, "Ati mwizi wa kuku anaomba kulinda banda!" Nisikilizeni kwanza, kisha mniseme.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yaliyoziunda, huachwa wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Kwa shule ya kutwa kama yetu, ambayo tarakilishi zake sita ni za msaada na umeme wake ni wa sola, hizo ndizo programu tunazozimudu bila kuiba. Sasa, nyingi kati ya hizo hutoka kwa sura mbili. Kuna toleo thabiti, ambalo limepimwa, limetulia, na watu hulitumia kwa kazi. Kisha kuna toleo la majaribio, ambalo lingali linajengwa. Hilo lina mambo mapya, na kasoro zake bado hazijaisha. La kwanza ni nyumba iliyokwisha kuezekwa. La pili ni nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa, nyundo mkononi. Unaweza kuingia ukaangalia vyumba, lakini usimlaze mtoto humo.

Mimi nilimlaza mtoto humo.

Mwaka jana, muhula wa pili, ndugu yangu mmoja wa ukoo alirudi kutoka Kakuma na flashi mfukoni. Ndani ya flashi mlikuwa na toleo jipya la programu ya kuandikia, ile ile tuliyokuwa tukiitumia shuleni. Siitaji jina, kwa sababu programu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilitazama namba za matoleo. Ya kwetu ilikuwa ndogo, ya kwake kubwa. Nikajiambia kwamba namba kubwa ndiyo bora, kama alama za mtihani. Nilipokuwa nikiiweka ilitokea ilani kwa Kiingereza, ikionya kwamba hilo ni toleo la majaribio na lisitumiwe kwa kazi za kila siku. Nikabofya kukubali kabla sijafika mwisho wa sentensi. Halafu, kwa kuwa nafasi ya diski ilikuwa haba, nikaliondoa toleo la zamani. Wala si katika tarakilishi moja, bali katika zote sita!

Siku tatu za kwanza nilikuwa shujaa. Wenzangu walikuja kuona vitufe vipya na rangi mpya, nami nikatembea kama jogoo wa mjini. Siku ya nne, msichana mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amekaa na yule bibi jioni nyingi akiyaandika masimulizi yake kwenye daftari, alimaliza kuyapiga chapa. Zilikuwa kurasa kumi na nne. Alipobofya ili ahifadhi, programu iliganda, kisha ikajifunga yenyewe. Tulipoifungua tena faili, kurasa mbili za kwanza zilikuwapo. Zilizobaki zilikuwa nyeupe pe! Nakala nyingine hatukuwa nayo. Na daftari je? Nyumbani kwao lilikuwa limekwisha kuwashiwa moto, kwa sababu msichana mwenyewe aliwaambia kazi yote sasa iko ndani ya kompyuta.

Mwalimu mlezi wa chama akauliza kulikoni. Nikajibu haraka, "Mwalimu, ni stima. Sola ilikatika."

Basi sola ikabeba lawama yangu kwa majuma mawili. Fundi akaitwa, akapima betri moja baada ya nyingine, akasema hazina neno, akalipwa, akaenda zake. Pesa hizo zilitoka kwenye mfuko wa chama chetu cha Kiswahili, mfuko tunaouchangia sisi wenyewe kidogo kidogo. Nilipoziona zikihesabiwa sikuweza kuvumilia tena. Jioni ile nilimfuata Mwalimu nikasema kweli. Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume.

Baada ya hapo ndipo amri ilipotoka: toleo thabiti tu, majaribio marufuku. Simlaumu aliyeitoa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hebu tuulizane kwa makini: kosa langu hasa lilikuwa lipi?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali hii, na wengi waliitumia kunikemea. Nami nawaambia, itazameni tena. Haisemi usiuguse msala, wala usiukalie uone kama ni mwororo. Inasema usiuache mbacha. Kosa langu halikuwa kujaribu toleo jipya. Kosa langu lilikuwa kuliondoa la zamani, na kuifanya kazi ya chama iwe ndiyo ya kujaribia. Laiti ningeyaweka matoleo mawili kando kwa kando, masimulizi ya bibi yangekuwa yamesomwa mwaka jana.

Sisi watoto wa wafugaji tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote. Kiangazi kinapobana na habari zikaja kwamba mvua imenyesha mahali fulani, je, mzee wa awi, yaani boma la familia, huamka siku ile ile akahamisha mifugo yote, watoto na wagonjwa? La hasha! Hutuma vijana wawili watatu watangulie. Wanakwenda kuangalia nyasi, maji, magonjwa na usalama. Mifugo wa maziwa hubaki karibu na nyumbani ili watoto wanywe. Vijana wakirudi na habari njema, ndipo awi hufungasha. Wakirudi na habari mbaya, hakuna aliyelala njaa. Sasa tazameni pande zote mbili za jambo hili. Mzee anayehama kwa uvumi ataangamiza mifugo yake. Naye mzee asiyetuma mtu yeyote kwenda kutazama ataangamia papo hapo alipo, nyasi zikimwishia miguuni. Mwaka jana mimi nilikuwa mzee wa kwanza. Kwa ile amri, shule yetu sasa imekuwa mzee wa pili.

Waundaji wa programu huria wenyewe huishi kwa kanuni hii ya wafugaji, ingawa wengi wao hawajawahi kumwona ngamia. Chukueni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini. Toleo 1.0 lilipotoka mwezi wa Machi 1994, utaratibu rahisi ukashika. Namba ya pili ikiwa shufwa, kama 1.2 au 2.0, hilo ni thabiti. Ikiwa witiri, kama 1.1 au 1.3, hilo ni la majaribio. Njia zote mbili zilikwenda sambamba, na mtu aliweza kujua anakanyaga wapi kwa kutazama namba tu. Utaratibu huo wa namba uliachwa baada ya toleo 2.6 la mwaka 2003, lakini wazo la njia mbili halikuachwa. Laiti ningejua mapema kwamba namba ina maana yake, na kwamba kubwa si lazima iwe bora!

Debian, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1993, una njia tatu. Programu mpya huingia kwanza katika tawi lisilo thabiti. Ikikaa humo siku kadhaa bila kuonyesha kasoro kubwa, huhamia tawi la majaribio. Kisha, kila baada ya miaka miwili hivi, tawi la majaribio hugandishwa, kasoro hufagiliwa, nalo huwa toleo thabiti. Toleo la 13 lilitoka hivyo mwezi wa Agosti 2025. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za katuni ziitwazo Toy Story. Lile tawi lisilo thabiti linaitwa Sid, jina la mtoto mtundu wa filamu hizo ambaye kazi yake ni kuvunja vinyago. Jina lenyewe ni onyo tosha!

Na sasa nawaletea kisa kilichonifanya niishike kalamu hii. Kama huna muda wa kuisoma makala yote, soma hapa.

Kuna programu ndogo ya kufinya mafaili iitwayo xz. Watu wengi hawaijui kwa jina, lakini imo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani, pamoja na ile inayoendesha mitambo ya benki na serikali. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akaanza kujitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kazi polepole, akasifiwa, akaaminiwa, hata akapewa funguo za nyumba. Mwezi wa Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na Machi likafuata 5.6.1. Ndani yake mlikuwa mmefichwa mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika tarakilishi za watu bila ya hodi. Ulikuwa ujanja wa hali ya juu. Chui alikuwa amevaa ngozi ya kondoo kwa zaidi ya miaka miwili!

Ni nani aliyemnasa chui huyu? Si askari, wala si kampuni ya ulinzi. Ni mtengenezaji programu mmoja, Andres Freund, aliyekuwa akitumia lile tawi la Debian lisilo thabiti, Sid, kwa kazi zake za kupima. Aliona kwamba kuingia katika tarakilishi yake kutoka mbali, jambo lililochukua kama thuluthi moja ya sekunde, sasa kunachukua nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde, ndugu msomaji! Wewe na mimi tungesema mtandao leo ni mzito, tukaendelea. Yeye akafukua, akafukua, mpaka akaufikia ule mlango. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya mifumo kadhaa, lakini katika toleo thabiti la Debian ilikuwa bado haijafika. Iliondolewa ikiwa ingali njiani.

Mwapata maana yake? Kama watu wote wangekaa kwenye toleo thabiti wakisubiri, hakuna ambaye angeiona ile nusu sekunde. Sumu ingetembea polepole kutoka tawi hadi tawi, na mwishowe ingeingia katika toleo thabiti lenyewe, lile ambalo sisi tunaliita salama. Na kama watu wote wangekuwa kwenye toleo la majaribio, sumu ingewafikia wote kabla ya mtu kugutuka. Kilichowaokoa ni kwamba wengi walikuwa nyuma na wachache walikuwa mbele. Kijana aliyetumwa kutazama malisho alirudi mbio akisema, "Msije! Maji haya yana sumu!"

Kwa hiyo uthabiti haushuki kutoka mbinguni. Mtu fulani amejaribu, amejikwaa, amesema, na kasoro imerekebishwa. Anayetumia toleo thabiti anakunywa maziwa ya ng'ombe aliyechungwa na mwingine.

Hapa wapo wanaosema, "Sawa, lakini kazi hiyo waachie Wazungu walioziunda. Mtoto wa Kaaleng na majaribio, wapi na wapi?" Hoja hii nimeisikia hata kwa wenzangu wa darasani, na naipinga kwa sababu mbili.

Ya kwanza, wao hujaribu yanayowahusu. Stima yao haikatiki saa kumi jioni wingu la vumbi linapofunika paneli. Tarakilishi zao hazina umri wa kaka zao. Wala hawaandiki ng'ombe. Chukueni hili la ng'ombe. Tulipokuwa tukiandika jarida, programu ilipenda kuigeuza ile ritifaa ya ng' kuwa alama iliyopinda ya kufungia usemi, kisha ikalipigia neno mstari mwekundu kana kwamba limekosewa. Ng'ombe mstari. Ng'ambo mstari. Kang'atotha, ambako watu wanaishi na kuzaliwa, mstari! Na ukiandika Ng'aturkana, lugha yetu ya nyumbani, ukurasa mzima unaonekana kama umechapwa kiboko. Nani ataliona jambo hilo huko Ulaya? Si kwamba ni watu wabaya. Hawalioni tu. Kiatu hujulikana kinapobana na mvaaji wake, na mahali pa kusema kinabana ni kwa fundi kingali kwenye kalibu, si baada ya kushonwa na kuuzwa.

Ya pili inatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hasa. Kiswahili huingiaje katika programu? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zilizozungumza Kiswahili. Watu walikaa wakajadiliana neno moja moja. Kazi kama hiyo haifanywi baada ya toleo thabiti kutoka. Katika programu nyingi huria waundaji hufika mahali wakaacha kubadilisha maneno ya Kiingereza, ili watafsiri wa lugha zote wapate nafasi. Wakati huo programu bado ni toleo la majaribio. Watafsiri huifungua, huona kila neno limekaa wapi, husahihisha, na ndipo toleo thabiti hutoka. Kwa maneno mengine, Kiswahili huingia kwa mlango wa majaribio. Sisi tunaolia kila mwaka katika kurasa hizi kwamba Kiswahili kinadharauliwa na mitambo, tumeufunga mlango huo kwa kufuli, na ufunguo tumeutia mfukoni!

Haya, nisije nikaonekana nasifu tu. Toleo la majaribio lina gharama zake, nami nimezilipa. Linaweza kuganda. Linaweza kuandika faili kwa namna ambayo toleo la zamani halitaisoma vizuri. Tena baadhi yake hubadilika kila siku, na sisi hapa mtandao huja na kwenda, na data ni pesa. Mtu wa Nairobi anaweza kushusha toleo jipya kila usiku akilala. Sisi hatuwezi. Vilevile, ukiripoti kasoro ya toleo la miezi mitatu iliyopita, huenda utaambiwa imekwisha kurekebishwa zamani. Kwa hiyo sishauri tukimbizane na ya kila siku. Programu nyingi hutoa, majuma machache kabla ya toleo thabiti, matoleo ya karibu na mwisho yanayotaka kupimwa na watu wengi. Hayo ndiyo yanayotufaa. Mara moja kwa muhula, mtu anayekwenda Lodwar achukue flashi, arudi nalo. Imekwisha.

Na kuna mambo ambayo hayajaribiwi juu yake kamwe. Huko Eldoret, mwaka 2006, kulianza kutumiwa OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa. KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Ni nani mwenye akili timamu atakayejaribu toleo lenye kasoro juu ya kadi ya mgonjwa anayesubiri dawa? Hakuna. Hujaribiwa kando, kwa wagonjwa wa kubuni ambao wakipotea hakuna anayelia. Masimulizi ya bibi yalikuwa mgonjwa halisi. Mradi wa Kompyuta wa mtahiniwa wa Kidato cha Nne ni mgonjwa halisi. Alama za darasa ni mgonjwa halisi. Hao wasiguswe.

Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, naleta ombi langu mbele ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu mlezi na wanachama wote.

Kwanza, tarakilishi tano kati ya sita zibaki na toleo thabiti pekee, na mwanafunzi yeyote asizibadilishe. Mimi wa kwanza.

Pili, ile ya sita, iliyo karibu na dirisha, iwe na matoleo mawili kando kwa kando. Jambo hili linawezekana. LibreOffice, kwa mfano, toleo lake la majaribio huwekwa kwa jina tofauti na hutunza mipangilio yake katika folda yake lenyewe, bila kuligusa lile thabiti. Tarakilishi hiyo ipakwe rangi nyekundu ubavuni, ili hata mgeni ajue kwamba hapo ni malisho ya kutazamwa.

Tatu, kisifunguliwe humo chochote ambacho hakina nakala mahali pengine. Anayetaka kujaribu kwa kazi yake ya kweli achukue nakala ya nakala. Na madaftari yasichomwe, jamani, hata kompyuta ikisema imehifadhi!

Nne, kuwe na daftari la kasoro. Atakayeona programu imekosea asiandike tu "imeharibika". Hiyo ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" na kunyamaza. Aandike mambo manne: namba ya toleo, alichofanya hatua kwa hatua, alichotarajia, na kilichotokea. Mwisho wa muhula tutachambua, na zile za maana zitumwe kwa waundaji siku ya safari ya Lodwar. Itabidi tuandike kwa Kiingereza, na pengine jibu litachelewa miezi. Si neno. Mvumilivu hula mbivu.

Kuna mtu atakayeniambia kwamba wanafunzi si watu wa kupewa kazi kama hizo. Nami nitamjibu kwamba nchi nzima imetufanya sisi kuwa kazi kama hiyo. Sisi tulio Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio mkia wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985. KCPE ya mwisho tuliifanya sisi, mwaka 2023. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuanza kwa madarasa ya chini mwaka 2019, na tangu wakati huo mifumo miwili imetembea bega kwa bega. Fikirini kama mwaka 2019 wangeufuta wa zamani kwa siku moja, wakambwaga mtahiniwa wa darasa la nane katikati ya jangwa! Wakubwa waliona afadhali walio njiani wamalizie kwa njia yao. Hapo walishika mbacha. Lakini wadogo zetu waliotangulizwa kwenye malisho mapya wakirudi kusema hapa hapana vitabu, pale hapana maabara, basi na wasikizwe. Kumtuma mtu kutazama malisho, kisha kuziba masikio anaporudi, ni ukatili. Na hilo ni kweli kwa nchi kama lilivyo kweli kwa tarakilishi.

Nimekaribia kukomea hapo. Pengine utauliza, je, yule bibi? Familia yake ilikuwa imehama kufuata malisho, na kwa miezi mingi hatukumpata. Mwaka huu walirudi karibu. Msichana wetu, ambaye sasa naye yuko nasi Kidato cha Tatu kasoro mwaka mmoja wa kuzaliwa, hakunisemesha kwa muda mrefu. Siku moja alinipita mlangoni akaniambia tu, "Leta daftari, twende." Tukaenda. Bibi alicheka sana aliposikia kwamba maneno yake yaliliwa na mashine. Akauliza ni mashine gani hiyo inayokula bila kucheua. Kisha akaanza upya, tangu mwanzo. Mengine aliyakumbuka vizuri kuliko mara ya kwanza, na mengine, nasikitika kusema, hakuyakumbuka tena.

Safari hii tumeyapiga chapa kwa toleo thabiti. Nakala moja iko shuleni, moja iko kwenye flashi ya Mwalimu, na daftari lenyewe limefungiwa kabatini. Fungua ukurasa unaofuata, msomaji, uyasome. Jalada halisemi uongo mwaka huu.

Ama ile tarakilishi ya sita, karibu na dirisha, bado haina rangi nyekundu. Rangi ninayo. Nasubiri ruhusa.

Ni mimi wenu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu, Kaaleng.